Kila Jina na Kiti Chake: Miaka Thelathini na Moja ya Noeline Haskett

Miaka thelathini na moja, miezi tisa na siku ishirini na moja: huo ndio utumishi ambao dada yetu Noeline Haskett ataukamilisha Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, atakapoweka funguo zake mezani na kustaafu rasmi. Aliingia kazini Jumatatu, tarehe 7 Februari 1994, wakati kampuni yetu ilikuwa na watu wanne, meza tatu na paa linalovuja, katika ghala la zamani la jibini hapa Eltham. Wale watatu wengine wameshaondoka. Paa bado linavuja kidogo upande wa stoo.

Mkurugenzi ameniomba mimi wa benchi la majaribio niandike wasifu huu. Nilimwambia shule yangu iliishia kidato cha nne kule Tonga, atafute msomi. Akanijibu, "Losaline, wasomi watamwandikia orodha ya miradi. Wewe andika kama unavyotusimulia jikoni." Basi nimeomba kwa Mungu anipe maneno, na haya ndiyo aliyonipa.

Noeline alizaliwa Kaponga, binti wa mfugaji, na kabla ya kujua kusoma alijua kukamua. Alifanya kazi ya simu miaka kumi mjini New Plymouth, akajifundisha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kitabu cha kuazima ambacho mpaka leo hajakirudisha. Alipoajiriwa hapa kazi yake ilikuwa kuandika programu za masanduku yetu, yale ya kijivu yanayofungwa kwenye mabanda ya kukamulia. Wengi wenu mnayaunda kwa mikono yenu. Ng'ombe anaingia, sanduku linasoma kibati cha sikioni, linajua huyu ni nani na hali yake ikoje, kisha linaamua maziwa yake yaende wapi. Programu ya sanduku la kwanza aliiandika yeye peke yake. Leo masanduku yetu yako kwenye mabanda mia tatu na arobaini, kutoka hapa mkoani Taranaki hadi Southland, kusini kabisa mwa nchi, na hakuna hata moja ambalo halina mkono wake ndani.

Ana tabia zake, na sisi tumezizoea. Mabuti yake ya mpira hukaa ndani ya gari mwaka mzima, kwa sababu haamini taarifa yoyote ya hitilafu mpaka asimame mwenyewe kwenye banda, topeni. Chai yake ni nyeusi kama oili chafu. Akikosea huwa anasema "nimekosea" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua inanyesha, na kwa jambo hilo moja nimemheshimu kuliko watu wengi wenye vyeo niliokutana nao maishani.

Sasa nisimulie kisa ambacho wakongwe wanakijua nusu na wageni hawakijui kabisa. Nitakisimulia chote, kwa ruhusa ya Noeline, na kwa ruhusa ya mume wangu.

Septemba 2007 mume wangu, Saia, alikuwa mkamuaji kwa Trevor Hollard, upande wa Opunake. Trevor alikuwa na miaka ishirini na miwili bila tangi lake kukataliwa hata mara moja, na vyeti vyake alivibandika ukutani kama picha za wajukuu. Asubuhi moja ng'ombe namba mia moja na kumi na tisa alionekana ana ugonjwa wa kiwele. Saia akamchoma dawa, akamfunga mkanda mwekundu mguuni, akabonyeza Dawa kwenye sanduku. Ng'ombe mwenye dawa hakamuliwi kwenye tangi, maana dawa ile ikiingia kwenye maziwa ya watu, shehena nzima inamwagwa. Sanduku likijua ng'ombe yuko kwenye Dawa, hupiga kengele na kufunga njia ya tangi.

Jioni ile mkanda ulikuwa umeshaanguka topeni. Kengele haikulia. Maziwa yakaingia tangini, lori likaja, sampuli ikapimwa, na lori zima likamwagwa pamoja na maziwa ya majirani wawili.

Trevor aliwaita mafundi wetu. Wakafungua kumbukumbu ya sanduku. Kwa ng'ombe namba mia moja na kumi na tisa, asubuhi ile, ilikuwa imeandikwa nne. Kwenye karatasi ya maelezo, nne ni Kamua, yaani ng'ombe mzima, maziwa yake yaende tangini. Fundi akaandika ripoti ya mstari mmoja: mfanyakazi alibonyeza kitufe kisicho sahihi.

Trevor hakupiga kelele. Ndilo lililomuumiza Saia zaidi. Alimwambia tu, "Saia, ningeweza kukusamehe kosa. Lakini unaniambia ulibonyeza Dawa, na mashine inasema hukubonyeza. Mashine haina sababu ya kudanganya."

"Na mimi ninayo?" Saia akamuuliza.

Mwisho wa wiki Saia alikuwa nyumbani, amefukuzwa kazi. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shamba, ikabidi tuhamie kwa kaka yangu, mjini Hawera, watu tisa, choo kimoja. Kanisani watu walitusalimia kwa upole uliozidi. Nilimuuliza mume wangu mara moja tu, Mungu anisamehe, kama ana hakika na kitufe alichobonyeza. Alinitazama, kisha akatoka nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Ripoti ile ilifika kwa Noeline baada ya siku nane, kwa bahati tu, katika rundo la karatasi za kutia faili. Mtu mwingine angeitia faili. Yeye aliisoma mara mbili, akauliza chumba kizima, "Ng'ombe ambaye tayari yuko kwenye Kamua, mtu abonyeze Kamua tena kwa sababu gani?"

Fundi akasema, "Wakamuaji wanabonyeza chochote, Noeline. Saa kumi na moja asubuhi, baridi, usingizi."

"Mimi nimekamua miaka kumi na nne," akasema. "Hakuna anayefunga mkanda mwekundu mguuni kisha akabonyeza mzima."

"Mkanda umeuona wewe?"

"Sijauona. Ndiyo maana nakwenda."

Akavaa mabuti. Alifika kwa Trevor wakati wa kukamua jioni, akamwomba ruhusa, akasimama mbele ya sanduku na kubonyeza Dawa kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akafungua kumbukumbu. Sanduku lilikuwa limeandika nne.

Trevor ndiye aliyenisimulia sehemu hii. Anasema Noeline alisimama pale, ng'ombe wanapita nyuma yake, kisha akabonyeza Dawa tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua kuna mtu ndani. Nne. Nne. Nne. Kisha akasema, "Mkamuaji wako alibonyeza Dawa, Trevor. Ni mimi niliyeandika Dawa kuwa nne."

Hapa inabidi niwaeleze, hasa nyinyi wa upakiaji na ofisini ambao hamjawahi kuona programu. Mimi mwenyewe alinieleza mara tatu, na ya tatu nilielewa kwa sababu ya benchi la kanisani kwetu.

Katika lugha ya C unaweza kuandika orodha ya majina, na kila jina linapewa namba. Jina la kwanza ni sifuri, la pili moja, la tatu mbili, hivyo hivyo, bila wewe kuandika namba yoyote. Ukipenda, unaweza kulipa jina fulani namba yake kwa mkono. Sanduku lenyewe halioni jina kabisa. Linaona namba tu. Sasa, orodha ya Noeline ya kwanza ilikuwa Kavu, yaani aliyeacha kukamuliwa, Dang'a, yaani aliyezaa juzi, kisha Dawa. Sifuri, moja, mbili. Mwishoni ikaja Kamua, na hiyo aliiandikia nne kwa mkono, kwa kuwa kifaa cha kusomea vibati, kilichonunuliwa kwingine, kilikuwa kinamjua ng'ombe mzima kwa namba nne.

Kanisani kwetu benchi la mbele lina mto mmoja wa kushonwa, kiti cha mke wa mchungaji. Mto hausogei, kama Kamua na nne yake. Wengine wote tunasogeana: anaingia mtu, tunasema sogea, anaingia mwingine, sogea tena. Mwaka 2006 Noeline aliongeza jina Mtamba, ng'ombe ambaye hajazaa bado, katikati ya orodha. Dawa akasogea kutoka mbili hadi tatu. Tatu ilikuwa tupu, hakuna aliyeumia. Mwaka 2007 akaongeza Kilema, katikati vilevile. Dawa akasogea tena, akakaa kwenye nne, mapajani kwa mke wa mchungaji.

Na C haikusema kitu. Hilo ndilo lililonishangaza. Kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi kuwa lugha ya mashine, ikipata koma moja haipo inakataa kazi nzima. Lakini majina mawili kukaa kiti kimoja inaruhusu, kwa sababu wakati mwingine watu wanataka hivyo makusudi. Ilimezea. Masanduku yakapelekwa mashambani. Na kwa kila banda lililopata programu ile, ng'ombe wa dawa na ng'ombe mzima walikuwa kitu kimoja.

Noeline alipiga simu mabanda yote sitini na mawili yaliyokuwa na programu ile siku ileile, moja baada ya jingine, akiwaambia wawatenge ng'ombe wa dawa mpaka aje. Kisha, kesho yake, alikuja kwetu Hawera. Alikuja na Trevor. Walivua viatu mlangoni, jozi mbili za mabuti, wakakaa mkekani pamoja nasi.

Hakuzunguka. Alisema, "Bwana Saia, ulibonyeza sawasawa. Kosa ni langu. Nimeliandika kwa mkono wangu, na ripoti yetu ikakubebesha wewe. Nimekuja kukuomba radhi mbele ya mke wako na mbele ya mwajiri wako, na ripoti mpya ninayo hapa imeandikwa jina langu."

Trevor alikuwa anatazama magoti yake. "Saia," akasema, "nilisema mashine haina sababu ya kudanganya."

"Nakumbuka," Saia akasema.

"Mimi ni mpumbavu."

"Hilo nalikubali," mume wangu akasema. "Lakini umekuja wakati wa chakula, kwa hiyo utakula kwanza, upumbavu tutaujadili baadaye." Na kaka yangu akacheka mpaka akakohoa, na Trevor akala lū tatu, vile vifurushi vyetu vya nyama na majani ya magimbi, yule mzee, kama hajala tangu Septemba mosi.

Lakini mimi sikucheka. Niliwasindikiza mlangoni, nikamshika Noeline mkono na kumwambia, "Dada, nakushukuru, na nimekusamehe kwa jina la Bwana. Ila niambie kitu kimoja. Mwaka kesho mtaongeza jina jingine. Nitajuaje kwamba hatafukuzwa mume wa mwanamke mwingine?"

"Sijui bado," akasema. "Nitarudi nikijua."

Alirudi baada ya siku kumi na nane. Alikuwa na kadi ya rangi ya maziwa, ileile iliyobandikwa juu ya meza yake mpaka leo, ambayo kila mgeni anaiuliza. Ina mambo matatu. Kwanza, ama majina yote yapewe namba kwa mkono, ama lisipewe hata moja. Nusu kwa nusu ni marufuku. Pili, jina jipya likae mwisho wa benchi, lisiingie katikati. Tatu, yaitwe majina.

Ile ya tatu ndiyo ufundi wake. Aligundua kwamba ipo sehemu moja ya C ambayo haivumilii wawili kiti kimoja. Ukipanga majina kama hali mbalimbali, ikiwa hii fanya hivi, ikiwa ile fanya vile, na hali mbili zikawa na namba moja, kompaila inakataa papo hapo. Basi akaandika kipande kidogo kinachoita kila jina la orodha, moja moja, kama mwalimu na rejista, na kila likiitwa hakifanyi chochote. Akaiamuru kompaila ikatae pia endapo jina lolote la orodha halikuitwa, ili mtu asije akasahau kuliandikisha. Kipande kile hakiendeshwi katika banda lolote. Kipo tu ili kompaila ipite juu yake kila programu inapotengenezwa, na kama kuna wawili wamekalia kiti kimoja, programu haitoki hapa Eltham. Haifiki shambani. Haifiki kwa mkamuaji.

Alinieleza hayo jikoni kwa kaka yangu, akitumia vijiko na vikombe. Nikamuuliza, "Na wewe ukisahau?"

"Ndiyo maana sijaiweka kichwani mwangu," akasema. "Nimeiweka mahali ambapo kusahau kwangu hakuna madhara."

Mwaka 2009 nafasi ya benchi la majaribio ilipotokea, alinipigia simu mwenyewe. Alisema anataka mtu ambaye ataibonyeza Dawa kwa kidole na kusoma kilichoandikwa, asiamini karatasi. Nimekuwa nikibonyeza tangu hapo. Saia alirudi kwa Trevor, na leo Trevor amezeeka, shamba analisimamia Saia.

Sasa nifike mwaka huu, maana bila mwaka huu wasifu haujakamilika.

Noeline alifikisha umri wa kustaafu miaka miwili iliyopita na akakataa kuondoka. Wengi walidhani ni mapenzi ya kazi. Ninamjua, na mimi ndiye niliyemwambia ukweli: alikuwa anaogopa. Mkuu wetu mpya wa programu, Callum Strachan, alikuja kutoka Auckland mwaka jana. Ni mtu mzuri, mwenye adabu, na anasoma makala hii, kwa hiyo namsalimu. Callum anapenda usafi. Alipoanza kusafisha programu zetu za zamani alikuta kile kipande cha kuita majina, wakati huo kimekuwa kirefu na kipo katika orodha kumi na saba tofauti.

"Noeline," akamwambia, mbele yetu sote, "kitu hiki hakijaitwa kufanya kazi na sehemu yoyote ya programu tangu 2007. Kimekufa."

"Hakijafa. Kimekaa mlangoni."

"Hakifanyi kazi yoyote."

"Kazi yake ni kukataa."

"Kimeshakataa mara ngapi?"

Noeline akahesabu. "Mara mbili. Mwaka 2011 na 2016."

"Mara mbili kwa miaka kumi na minane! Tuna watu makini hapa siku hizi, tunakaguana kila mstari. Kila anayeongeza jina inabidi aongeze sehemu mbili. Inachosha watu."

"Mimi nilikuwa makini, Callum. Muulize Saia."

"Saia ndiye nani?"

Nilikuwa kwenye benchi langu na bisibisi mkononi. "Ni mume wangu," nikasema. Callum, masikini, akaenda kujimiminia kahawa ambayo hakuinywa.

Lakini msimamo wake haukubadilika, na haki yake ilikuwepo, ndiye mkuu. Noeline aliandika barua mbili. Alizungumza kwenye mkutano wa Mei, akazungumza kwenye mkutano wa Agosti. Hakupandisha sauti hata mara moja, wala hakulegea hata mara moja. Mwishowe wakakubaliana hivi: kipande kitabaki mpaka siku yake ya mwisho, na Jumatatu inayofuata, tarehe mosi Desemba, kitafutwa. Callum alikwishaandaa mabadiliko yote, yakisubiri tu kubonyezwa. Noeline akatia sahihi barua ya kustaafu. Siku hiyo alikunywa chai yake amesimama, akitazama mlima kupitia dirisha kama mtu anayeomba, na nilijua haombi kuhusu pensheni.

Jumanne ya tarehe 18 alikuwa anamalizia kazi yake ya mwisho. Kuna ukosi mpya wa kumvalisha ng'ombe, unaohisi mwendo wake na kutambua dalili za ugonjwa kabla mtu hajaziona. Kwa hiyo orodha ya hali za ng'ombe ilihitaji jina jipya, Chunguza: huyu anashukiwa, asikamuliwe tangini mpaka aonwe. Noeline aliliweka mwisho wa benchi, kama kadi inavyosema. Namba yake kwa mkono, kama kadi inavyosema. Ili asiandike mstari mzima upya akaunakili mstari wa Kamua, akaubadilisha jina kuwa Chunguza.

Hapo ndipo mimi nilipotokea na sahani ya keke, mandazi yetu ya Tonga, ya moto, nikaiweka kando ya kibodi yake. Nakiri dhambi yangu mbele ya wafanyakazi wote. Alikula mbili. Akafuta vidole. Akaliandikisha jina jipya kwenye kipande cha kuita majina, akaagiza programu itengenezwe, akageuka kunieleza habari za dada yake.

Skrini ikawa nyekundu.

Callum alikuwa anapita na kikombe chake. Akainama, akasoma. Hali mbili, namba moja: Kamua ni nne, Chunguza ni nne.

"Nani kagusa hii?" akauliza.

"Mimi."

"Haiwezekani. Wewe ndiye mwenye kadi."

"Kadi iko ukutani, Callum," Noeline akasema. "Mimi nilikuwa kwenye keke." Na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, mpaka watu wa upakiaji wakaja kuona kuna nini, na katikati ya kicheko nikaona kwamba machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Callum hakucheka. Alivuta kiti akakaa. "Ingepita," akasema polepole, "hiyo ingefika wapi?"

"Mabanda mia tatu na arobaini, ifikapo Ijumaa."

"Na ng'ombe anayeshukiwa..."

"Angekamuliwa tangini."

"Na kumbukumbu ingesema..."

"Nne," nikasema mimi. "Na mkamuaji angeambiwa mashine haina sababu ya kudanganya."

Callum akaweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Mimi ningeukagua mstari huo kesho. Na kwa kuwa umeandikwa na Noeline Haskett, ningeuruka." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua inanyesha. Nikajua kampuni iko mikononi mwa mtu.

Mchana ule aliyafuta mabadiliko yake yaliyokuwa yanasubiri. Jioni, kabla hatujafunga, alimwita Noeline aje aone kitu. Juu ya kile kipande cha kuita majina, katika orodha zote kumi na saba, alikuwa ameandika maelezo kwa ajili ya kila mtu atakayekuja baada yetu. Noeline alinionyesha, na nimeomba ruhusa kuyanukuu:

"Hakuna kinachokiita kipande hiki. Usikifute. Kilimkamata Noeline."

Aliyasoma mara mbili, kama alivyoisoma ile ripoti ya Saia. Kisha akaanza kufungasha vitu vya mezani, siku kumi kabla ya wakati, akiimba. Kwa miaka miwili alikuwa akiogopa kuondoka kwa kuwa alidhani umakini wake ndio unaozilinda shehena za watu na majina ya wakamuaji. Jumanne ile aliona kwa macho yake kwamba si yeye. Ni kile alichokijenga, na kinafanya kazi hata yeye akiwa na sukari vidoleni.

Noeline anarudi Kaponga, kwenye nyumba ya wazazi wake, atakakoishi na dada yake Joyce na ng'ombe wawili ambao, anasema, atawakamua kwa mkono na hatawapa namba yoyote. Kadi ya rangi ya maziwa haondoki nayo. Callum amemwomba aiache, na ameichongea fremu mwenyewe, imepinda kidogo upande wa kulia.

Sherehe ni Ijumaa hiyo ya tarehe 28, saa nane mchana, kwenye chumba cha chakula. Kila mtu aje na sahani yake ya chakula cha kushirikiana, na tafadhali tusilete keki saba za karoti kama mara iliyopita. Trevor atakuja, mwanawe atamleta. Saia ataleta lū, na ndiye atakayesema sala ya chakula. Nimemwomba iwe fupi. Sikuahidiwa.

Noeline, kwa niaba ya benchi la majaribio, upakiaji, ofisi, stoo yenye paa linalovuja, na wakamuaji wa mabanda mia tatu na arobaini ambao hawatajua kamwe kilichowaepuka: ahsante. Ahsante kwa mabuti, kwa ripoti yenye jina lako, na kwa kurudi uliposema utarudi. Bwana akupe asubuhi za kulala mpaka jua lichomoze, afya ya kutembea hadi zizini, na moyo mtulivu. Ukituwazia huko Kaponga, usiwaze kwamba tumesahau. Tutasahau, sisi ni watu. Majina yataitwa hata hivyo.

Losaline Mafile'o
Benchi la Majaribio